Maboksi ya Sendofu ya Mama

Wiki iliyopita mwanangu alikumbuka, maduka yakiwa yameshafungwa, kwamba kesho yake anatakiwa kupeleka shuleni nyumba ya karatasi. Gundi hakuna. Nikachukua unga wa muhogo, nikaukoroga na maji kwenye sufuria ndogo, nikainjika na kukoroga taratibu mpaka ukawa uji mzito unaong'aa. Harufu ilipopanda nikazima jiko na kutoka nje. Mwanangu akanifuata hadi barazani.

"Mama, imeungua?"

"Haijaungua. Rudi ndani ukate karatasi zako."

Nilikuwa ninalia. Nawaambia ninyi wa rika langu kwa sababu mtanielewa. Mimi si mtu wa machozi, hata misibani ndugu hunisema kwamba nina jicho kavu. Lakini harufu ya muhogo unapogeuka gundi inanirudisha kwenye chumba cha kupanga pale Picha ya Ndege, Kibaha, mahali pekee duniani nilipowahi kuishi na mama yangu.

Mpaka likizo ile niliyokwenda kwake nilikuwa nimeishi Kisarawe kwa bibi, mama yake mama. Mama alinizaa akiwa kidato cha tatu, shule ikaishia hapo, na nilipoacha ziwa bibi akanichukua ili binti yake apate nafasi ya kujifunza kazi. Akajifunza kupiga chapa, akapata ukarani katika ofisi moja Kibaha. Kwetu alikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Jumapili baada ya ibada akaondoka. Alinukia poda na mkate wa dukani. Nilimpenda huku ninamwogopa kidogo, kama mtoto anavyompenda mgeni mwenye zawadi.

Kwa hiyo bibi aliponiambia, "Mama yako anakutaka Kibaha ukamsaidie kazi mpaka shule zifunguliwe," mimi nilisikia nusu ya kwanza tu. Nilifungasha nguo zangu zote, gauni la kanisani, na ripoti ya shule, maana nilijua huwezi kuandikishwa shule mpya bila ripoti. Bibi aliuona mfuko ulivyotuna. Hakutoa kitu humo. Alikaza tu fundo na kuniambia niwe msikivu.

Kazi yenyewe ilikuwa maboksi. Mama alikuwa anaolewa na afisa mmoja wa serikali, mtu wa Iringa, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa hata kukiwa na tope. Kabla ya ndoa ilikuwepo sendofu, ile sherehe ya chakula cha jioni ambamo upande wa binti humuaga binti yao. Kamati ilikuwa imekaa na kuamua kwamba ukumbi utapambwa kama bustani, wageni wavae kijani, na mbele ya kila mgeni kuwe na boksi dogo la karatasi lenye umbo la ua, ndani yake kashata, visheti na karanga. Maboksi ya dukani mama aliyakataa. Alisema yanafanana na yale ya viatu vya watoto. Alijiamini kwa mikono yake, na kwa kweli alikuwa na mikono.

Tulikuwa na kipimo kilichokatwa kwenye katoni ya sabuni. Unakilaza juu ya karatasi ngumu ya manila, unapitisha penseli pembeni, unakata. Pale pa kukunjia unaweka rula na kupitisha kalamu iliyokwisha wino, ili karatasi ishike alama bila kuchafuka, kisha unakunja na kusugua kwa mgongo wa kijiko. Juu kulikuwa na petali nne zinazopishana; ukizifunga vizuri moja inashika nyingine na boksi halihitaji hata utepe. Ukikosea ya kwanza, zote zinafumuka. Mama alinionyesha mara mbili tu. Mara ya tatu alinitazama nikifunga mwenyewe, akasema, "Angalia mtoto huyu! Umerithi kwangu." Sijui kama nimewahi kupewa kitu kikubwa kuliko sentensi ile.

Lakini hayo yalikuwa ya jioni. Mchana nilikuwa peke yangu. Mama aliondoka alfajiri, akaniachia chai kwenye chupa na maandazi chini ya bakuli, akaniambia nisifungue mlango kwa mtu. Wapangaji wenzetu nao walikwenda Dar kazini na kurudi jua likishazama, kwa hiyo nyumba nzima ilinyamaza. Dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani, matofali matupu ambayo hayajapigwa plasta. Nilisikia malori ya barabara ya Morogoro yakipita, na kuku mmoja aliyekuwa akitaga kwa makelele. Niliyazoea makelele yake kiasi kwamba akichelewa nilikuwa na wasiwasi. Kisarawe hatukuwahi kuwa wawili tu bila jirani kuchungulia, na hapa nilikaa kutwa bila kusikia mtu akitaja jina langu. Nilikunja maboksi. Nikichoka niliyapanga sakafuni kama darasa, nikayaita mahudhurio, na mwenyewe nikayaitikia.

Kila boksi lilifungiwa kijikaratasi chenye umbo la jani. Majani ya wageni wa kawaida yaliandikwa Karibu. Ya ndugu yalikuwa tofauti, kwa sababu kwenye sendofu kuna kipindi cha utambulisho: bibi harusi mtarajiwa anasimama na mshereheshaji, anawaita ndugu zake mmoja mmoja, anamtaja kila mtu ni nani wake, na safari hii angemkabidhi kila mmoja boksi lake. Jioni moja mama aliyaandika majani hayo kwa kalamu ya dhahabu. Mama Yangu. Mjomba. Shangazi. Kaka Mkubwa. Nilikuwa ninajua kusoma, nikayapitia yote, halafu nikayapitia tena.

"Langu liko wapi?"

"Lako nitaandika mwishoni," alisema bila kuinua macho. "Lako nataka nilifikirie."

Nililala usingizi mtamu usiku ule. Nilijua litaandikwaje. Litaandikwa Mwanangu, kwa dhahabu, na ukumbi mzima utasikia, na baada ya hapo hakuna atakayeweza kunirudisha Kisarawe.

Mchezo ulianza siku chache baadaye. Tulikuwa tunakula, na mama akaweka tonge chini.

"Unajua siku ya sherehe watu watavaa kijani wote, watajifanya wako bustanini?"

"Najua."

"Basi na sisi tutakuwa na letu. Wewe utakuwa mdogo wangu. Utaniita dada. Bibi utamwita mama. Na yule atakayenioa utamwita shemeji. Utaweza?"

"Mpaka lini?"

Alichukua tonge lake, akalichovya kwenye mchuzi, akalirudisha kwenye sahani. "Mpaka sherehe iishe."

Mimi niliona ni jambo zuri sana. Watu wengine wangevaa nguo za bustani tu, sisi tungevaa mpaka majina! Nilidhani ni pambo, jinsi maua yale ya karatasi yalivyokuwa pambo, na kwamba mwishoni, wakati wa kukabidhi maboksi, litavuliwa mbele ya watu nao watashangaa na kupiga vigelegele. Ndiyo maana, niliwaza, jani langu limeachwa tupu. Ndiyo siri yenyewe. Nikajifunza kwa bidii ambayo sikuwahi kuitia kwenye hesabu. Mchana, peke yangu, nililifunga kila ua petali zake huku ninasema, "Hili hapa, dada. Tayari, dada. Pole na kazi, dada." Jioni nikikosea mama alinifinya sikio kidogo, akacheka. Baada ya wiki sikukosea tena, naye akaacha kucheka.

Katikati ya kazi tukapata balaa. Gundi yetu ya kwanza ilikuwa ya unga wa ngano, na asubuhi moja tukakuta mende wameifanyia karamu yao. Maboksi yalikuwa yamefumuka na kingo zimetafunwa. Mama alikaa kitandani akashika kichwa. Habari zikamfikia bibi, naye akaja kutoka Kisarawe na mfuko wa unga wa muhogo na fungu la majani ya mwarobaini. Aliyachemsha majani, akakorogea gundi kwa maji yale machungu. "Mende wa Kibaha ni wasomi," alisema, "lakini hiki hawatakila." Na kweli hawakukigusa. Mimi ndiye niliyelamba kidole kwa kusahau, na uchungu ukanikaa ulimini mpaka wakati wa chakula.

Nikaona ni nafasi ya kumwonyesha bibi nilivyoiva. "Mama," nikamwambia, "nikuletee maji ya kunawa?"

Bibi hakuitika. Nikarudia. Alimgeukia binti yake.

"Umemfundisha nini huyu?"

"Mama, nakuomba. Ni kwa ajili ya siku ile tu. Wale wakijua hawatanioa."

"Wale wakijua. Na huyu akijua?" Bibi alinisogeza karibu, akaanza kunisugua gundi vidoleni. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na hiyo kazi sijakudai. Lakini sitaitika nisichoitwa. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu mie."

Mama alilia kimyakimya huku anaendelea kukata manila. Nilimkasirikia bibi kwa kuharibu mchezo. Usiku ule walizungumza kwa sauti ya chini, na asubuhi nilipomwita bibi mama, aliitika. Aliitika kama mtu anayeitikia jina la jirani, lakini aliitika.

Siku chache kabla ya sherehe alikuja shangazi yake bwana harusi kukagua maandalizi. Mama mnene, mcheshi, mwenye kupenda kushika vitu. Alishika maboksi, akayasifia, kisha akanishika kidevu.

"Na wewe ni nani, mpenzi?"

"Shikamoo. Mimi ni mdogo wake dada."

"Marahaba! Mnafanana jamani. Mtu angesema mama na mtoto."

Mkasi wa mama ulisimama katikati ya karatasi. Nami nilicheka kwa sauti, kicheko nilichokuwa nimekifanyia mazoezi, nikasema, "Kila mtu anasema hivyo!" Shangazi akacheka, mama akacheka, mkasi ukaendelea. Alipoondoka mama alinikumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikaniuma. Nilijivuna. Nilijua nimemwokoa na kitu fulani, ingawa sikujua ni kitu gani. Leo ninajua kwamba kitu chenyewe nilikuwa mimi.

Siku ya sendofu ukumbi ulipendeza. Kuta zilifunikwa vitambaa vya kijani, na kila meza ilikuwa na maua yetu meupe ya krimu, mamia yake, yamefunga petali. Nilipita katikati ya meza ninayatazama. Mengine niliyajua kwa makosa yake, hili nililikunja siku ya mvua, lile petali moja ni fupi. Niliketi na bibi kwenye meza ya familia nikiwa na gauni la kijani lenye riboni nyuma. Sikula. Nilikuwa ninangoja jani langu.

Mshereheshaji alipotangaza utambulisho, mama alisimama na trei ya maboksi. Alikuwa mzuri mpaka watu walinong'ona. Akamwita bibi: "Huyu ni mama yangu mzazi," vigelegele. Akamwita mjomba, shangazi, kaka. Kila mmoja alikwenda, akapokea kwa mikono miwili, akarudi. Trei ikabaki na boksi moja. Nilikuwa nimeshaanza kusimama kabla sijaitwa.

"Na huyu," mama akasema kwenye kipaza sauti, akaligeuza boksi langu kwenye trei. Upande wa bwana harusi walikuwa wanatabasamu, yule shangazi ananipungia mkono. "Huyu ni mdogo wangu wa mwisho. Kitinda mimba wetu."

Vigelegele. Niliinua mikono yangu miwili. Jani lilikuwa limeandikwa kwa dhahabu, mwandiko wake mzuri uleule: Mdogo Wangu. Nililisoma. Nilimtazama usoni nikitegemea kwamba hapo ndipo atakapolivua pambo lile, sasa hivi, labda baada ya makofi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na watu wakadhani ni machozi ya kuagana na nyumbani.

Nikapiga goti. "Asante, dada," nikasema, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo mpaka meza ya mwisho.

Siku tatu baadaye ndugu wa bwana harusi walimchukua mama kwenda Iringa kufunga ndoa, na mimi na bibi tukarudi Kisarawe na mfuko wangu umetuna vilevile. Ripoti ya shule ilikuwa imekunjika pembe. Jioni, tukimenya mihogo nyuma ya nyumba, nilimuuliza, "Bibi, sherehe si imeisha?"

"Imeisha."

"Sasa mbona hajasema?"

Bibi aliendelea kumenya. Alimenya muhogo ule mpaka ukabaki mwembamba kama kidole, akautupa kwenye sufuria, akaniambia nikaite kuku ndani. Nilikwenda. Nilipogeuka nikamwona amejifunika uso kwa kanga, na nikajua kwa mara ya kwanza kwamba hakuna atakayenijibu swali lile.

Nisimfanye mama yangu mtu mbaya. Yuko hai, ana watoto wawili wanaoniita mama mdogo, na shemeji alinisomesha mpaka chuo bila kunung'unika. Mwanangu humwita mama mkubwa, hupenda kweli kwenda kwake, na humpelekea hadithi zangu za utotoni ambazo mama huzisikiliza kama mgeni. Tunazungumza kila Jumapili. Nimekuwa mtu mzima wa kutosha kujua mwanamke aliyekatishwa shule akiwa na mimba alikuwa na milango mingapi ya kuchagua. Najua yote hayo, na bado nilizima jiko wiki iliyopita. Kujua hakuzuii kitu.

Kwa sababu mama alijaribu. Hilo ndilo silisimulii kwa watu. Miezi mitatu baada ya harusi alipiga simu kwa mwalimu wetu, mwenye simu pekee jirani na kwetu, na mtoto wa mwalimu akaja mbio kutuita. Bibi alizungumza kwanza, maneno machache, kisha akanipa simu na kubaki amesimama karibu yangu. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari mezani. Mkewe alikuwa anapepeta mchele mlangoni.

"Niko peke yangu," sauti ya mama ikasema sikioni mwangu, karibu mno, kama yuko chumbani. "Ametoka, hakuna mtu. Sikiliza, mwanangu. Niite. Niite mara moja tu nisikie."

Miezi mitatu nilikuwa nimeingoja ruhusa ile. Nililijua neno lenyewe, ni fupi, hata mtoto mchanga huanza nalo kusema. Nilifungua mdomo. Ungo wa mchele ulikuwa umenyamaza mlangoni, na kalamu ya mwalimu imesimama.

"Mwanangu? Upo?"

"Nipo," nikasema. Nilijaribu tena, nikausikia ulimi wangu ukienda ulikozoea.

"Shikamoo, dada."

Akaitikia.

"Marahaba."